Kufuli ya faili mwandishi anapouacha ukurasa wa kuhariri

WATU wawili wakiifungua taarifa moja kwa wakati mmoja katika ukurasa wa kuhariri mtandaoni, kazi itakayosalia ni ya yule atakayehifadhi mwisho. Ya mwenziwe hupotea bila onyo. Ili kuzuia hasara hiyo, programu nyingi huweka kufuli, yaani alama katika seva inayoonyesha faili iko mikononi mwa nani na tangu saa ngapi.

Kufunga ni rahisi. Kufungua ndiko kwenye mtihani.

Chukua mwandishi aliye Keringet, eneobunge la Kuresoi Kusini katika Kaunti ya Nakuru. Anaandika kuhusu bei ya viazi kwa simu, kisha mtandao unakatika, naye anaabiri matatu ya kuelekea Molo. Jijini Nairobi, mhariri anayetaka kuipitisha taarifa hiyo anaambiwa ingali inahaririwa, ilhali anayeihariri hayupo.

Seva haimwoni mtu. Huona tu maombi yanayoifikia. Ukurasa unapofungwa, kivinjari kinaweza kutuma ujumbe wa kuaga, na ni vyema kifanye hivyo. Lakini betri ikiisha hakuna wa kuaga. Kadhalika, simu huweza kukizima kivinjari kisichotumika bila kukipa nafasi ya kusema lolote. Anayetegemea ujumbe huo pekee atajikuta na faili zilizofungwa mpaka fundi aitwe.

Dawa ni kuipa kufuli muda wa kuishi. Katika WordPress, mfumo unaotumiwa na tovuti nyingi za habari na ambao uliimarisha kufuli zake katika toleo la 3.6 la mwaka 2013, ukurasa ulio wazi hutuma ishara kila baada ya sekunde chache. Ishara zikikosekana kwa sekunde 150, kufuli huhesabiwa kuwa imekwisha. Mwandishi akiondoka kwa kuaga, haifutwi papo hapo bali huachiwa sekunde 5 hivi, maana huenda anaupakia upya ukurasa tu. Asiyeweza kungoja huruhusiwa kuitwaa faili. Aliyenyang'anywa, akiwa bado yupo, huonywa na maandishi yake kuhifadhiwa kando.

Muda ukiwa mfupi mno, mtandao unaoyumba utampokonya mtu faili angali anaandika. Ukiwa wa saa nzima, habari italala. Dakika mbili tatu zatosha.

Lakini yule wa Keringet atarejea. Ukurasa wake wa awali ungali wazi, naye atabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Seva isipolinganisha toleo alilolifungua na lililopo sasa, ataifuta kazi ya mhariri. Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2003, haimfungii mhariri ukurasa kwa sababu mwenziwe ameufungua. Hukagua wakati wa kuhifadhi, na mgongano ambao mashine haiwezi kuupatanisha humrudia mhariri, aone matini zote mbili na kuamua. Hata penye kufuli, ukaguzi huo hauna budi kuwapo.