Kukata picha za droni: Uwiano ufaao katika mitaa ya Eastlands

PICHA inayopigwa kutoka angani juu ya Mathare, Nairobi, huweza kubeba mto, nyumba za mabati, Barabara ya Juja na, mpigaji asipokuwa mwangalifu, kambi ya wanahewa ya Moi iliyo ng'ambo ya barabara hiyo. Ni nadra vyote hivyo kumfikia msomaji. Mpiga picha hukata kipande, mhariri hukata kingine, nayo programu ya simu humalizia. Kinachosalia ndicho msomaji hukiita Mathare.

Ukataji huo hutawaliwa na uwiano wa picha, yaani upana wake ukilinganishwa na kimo chake. Picha ya 4:3 ina vipimo vinne vya upana kwa vitatu vya kimo. Ya 16:9 ni pana na fupi mfano wa skrini ya televisheni ya kisasa, ya 1:1 ni mraba, na ya 9:16 ni ile iliyosimama wima na kuijaza skrini ya simu.

Kila kipimo kina asili yake. Kile cha 3:2, ambacho magazeti yamekizoea mno, kilienezwa na Leica, kamera ya Kijerumani iliyoingia sokoni mwaka wa 1925. Ilitumia filamu ya sinema ya milimita 35 na kuziunganisha fremu mbili kuwa moja. Kile cha 4:3 kilitoka katika sinema za awali kikarithiwa na televisheni za kale, ambazo Wakenya wengi walizitazama hadi mitambo ya analogia ilipozimwa mwaka wa 2015. Nao mraba ulivuma kwa sababu ya Instagram, iliyokataa umbo jingine lolote hadi Agosti 2015.

Ndani ya kamera ya droni mna kibamba kinachopokea mwanga, nacho kina umbo lake lisilobadilika. Katika droni nyingi ndogo umbo hilo ni 4:3, aghalabu pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani megapikseli 12. Phantom 4 Pro ya kampuni ya DJI ina kibamba cha 3:2 chenye pikseli 5,472 kwa 3,648. Hapa ndipo wanaoanza hukosea. Mwenye droni ya 4:3 akichagua 16:9 kabla ya kupiga, hudhani amepata picha pana zaidi. Hakuongezewa chochote. Kamera imemkatia juu na chini, ikabakisha 4,000 kwa 2,250, na robo ya picha imetupwa angali angani, mahali asipoweza kuirudia.

Kwa hivyo ni heri kupiga kwa umbo zima la kibamba, kisha kukata mezani. Hasara ya kila mkato hukokotoleka. Kutoka picha hiyo ya megapikseli 12, mkato wa 3:2 hupoteza sehemu moja tu kati ya tisa. Mraba hupoteza robo. Ule wa 4:5 hupoteza asilimia 40, na wa 9:16 hupoteza zaidi ya nusu, kwani pikseli 4,000 za upana hushuka hadi takriban 1,690. Kwenye simu upungufu huo hauonekani. Kwenye karatasi ya gazeti, inayohitaji yapata pikseli 200 kwa kila inchi, kipande hicho hakiwezi kuzidi inchi nane na nusu kwa upana bila kufifia. Hata kuinyoosha picha iliyopinda kuna gharama: upeo wa macho ukiinama kwa nyuzi tatu pekee, kuusawazisha hula karibu asilimia 12 ya eneo.

Uwiano hauna budi kufuata umbo la ardhi, na Eastlands ina maumbo mengi. Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa mtindo wa mtaa-bustani, una ukumbi wa jamii katikati na nyumba zilizozunguka viwanja vya nyasi. Ukipigwa kutoka juu kabisa, lenzi ikitazama chini, mraba huuonyesha mpango huo jinsi mchoraji wake alivyoukusudia, ilhali 16:9 huukata ubavuni. Buruburu, iliyoanza kujengwa miaka ya 1970 kwa awamu tano, ni safu ndefu za mapaa zinazoandamana na barabara. Hapo 16:9 au 3:2 hufaa, mradi pua ya droni igeuzwe hadi safu zilingane na kingo za fremu. Kukata hakuwezi kuokoa safu zilizopigwa mshazari bila kupoteza pembe zote nne.

Pipeline, huko Embakasi, ni habari tofauti. Maghorofa ya kupangisha yamebanana hata mwanga wa jua hufika barabarani kwa shida. Picha pana huonyesha maghorofa mengi tu. Picha ya wima, ikianzia nguo zilizoanikwa roshani za juu na kuishia kwenye vibanda vya chini, huonyesha ubananaji wenyewe. Mkato wa 9:16 unaodharauliwa na wahariri wa zamani hapo una kazi. Anayeutumia mara kwa mara anaweza kufikiria droni kama Mini 3 Pro, iliyozinduliwa Mei 2022, ambayo kamera yake hugeuka nyuzi 90 na kupiga wima kwa kibamba kizima.

Suala zito zaidi liko kando ya mito. Jengo la ghorofa sita lilipoporomoka Huruma tarehe 29 Aprili 2016 na kuua zaidi ya watu 40, lilikuwa limesimama karibu na mto. Picha iliyokatwa ikabaki vifusi na waokoaji huonyesha msiba. Inayoubakiza mto humwezesha msomaji kuuliza nani aliidhinisha ujenzi mahali pale. Zote mbili ni za kweli, lakini mhariri aliyebakiwa na nafasi ya safu mbili aghalabu huchagua ya kwanza, kwa kuwa ina nyuso za watu.

Vivyo hivyo mwaka wa 2024. Baada ya mafuriko yaliyoikumba Mathare mwishoni mwa Aprili, serikali iliamuru walioishi umbali wa mita 30 kutoka mitoni waondoke, na mwezi wa Mei nyumba zikabomolewa. Kwa mkazi wa bonde hilo, mita 30 zilikuwa tofauti kati ya kuwa na paa na kukosa. Droni iliyo mita 120 juu, lenzi ya kawaida ikitazama chini wima, huona eneo la kama mita 170 kwa 130, na mita 30 huchukua karibu pikseli 700 za picha nzima. Umbali huo hupimika. Ila kingo ya mto na nyumba inayozozaniwa lazima zibaki katika mkato mmoja. Wima wa 9:16 kutoka picha hiyo ni ukanda wa mita 73 tu. Ukielekezwa vibaya huuacha mto nje, na nyumba huonekana kama imesimama popote. Picha iliyopigwa kwa kuinamisha lenzi kutoka pembeni ni mbaya zaidi kwa kazi hiyo, maana hubana umbali wa nyuma, na mto huonekana umeikumbatia nyumba hata usipokuwa karibu.

Mpiga picha Mmarekani Johnny Miller, aliyeanzisha mradi wa Unequal Scenes nchini Afrika Kusini mwaka wa 2016, amelijenga jina lake kwa kutokata upande wa pili. Picha yake ya Primrose na Makause, karibu na Johannesburg, ilitumiwa na jarida la Time kwenye jalada la Mei 2019: majumba yenye bustani upande mmoja, vibanda upande wa pili, barabara katikati. Jijini Nairobi amepiga Kibera na uwanja wa gofu unaopakana nayo. Eastlands ina mpaka wake wa namna hiyo, Barabara ya Thika, inayoitenga miti ya Muthaiga na mabati ya Mathare. Katika picha kama hizo mstari wa mpaka ndio kiini, na mkato wowote unaouondoa hugeuza habari kuwa mandhari.

Sheria nayo hukata kabla ya mhariri. Kanuni za 2020 zinazosimamiwa na Mamlaka ya Safari za Ndege nchini, KCAA, zinaweka kikomo cha futi 400, ambazo ni mita 122, na kutaka droni ikae mita 50 kutoka kwa watu na majengo yasiyohusika. Aidha, ruhusa maalum huhitajika ndani ya kilomita 10 za viwanja vikubwa vya ndege. Kwa kuwa uwanja wa Jomo Kenyatta uko Embakasi na kambi ya Moi iko Eastleigh, karibu Eastlands yote imo ndani ya duara hizo. Kuikata kambi ya kijeshi nje ya picha baada ya kupiga si badala ya kibali. Droni imekwisha kuruka.

Kwa wanaochora ramani, sheria ni moja: wasikate kabisa. Programu zinazounganisha mamia ya picha kuwa ramani hukadiria nafasi ya kila kitu kutokana na kitovu cha lenzi, na picha iliyokatwa huhamisha kitovu hicho.

Kwa wengine wote, faili asili ihifadhiwe nzima, ikiwa na jina la mtaa, tarehe na kimo cha droni, na mkato ufanywe kwenye nakala. Nyumba za zamani za halmashauri huko Pangani zimekwisha kubomolewa kupisha maghorofa, na mitaa mingine ya umri wake inasubiri zamu. Anayetafuta leo picha ya mpango wa mtaa huo kabla ya kubomolewa atahitaji kingo zilezile ambazo huenda mhariri aliziona hazina kazi.