Hela Ilivyofika Kijijini

Mtanzania akilalamika kwamba hana hela, anataja sarafu ya Kijerumani bila kujua. Heller ilianza kutumika huku mwaka 1904, mia moja zikifanya rupia moja. Kabla yake zilikuwapo pesa, 64 kwa rupia, jina lililovuka bahari kutoka Bara Hindi. Shilingi ililetwa na Mwingereza. Watawala wamekwenda zao, majina yamebaki midomoni mwetu. Lakini sarafu hizo zilimfikiaje mkulima aliyejilimia mtama wake na kubadilisha mbuzi kwa jembe?

Zilimfikia kwa njia ya kodi. Mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba, na mwaka uliofuata wakaanza kuikusanya: rupia 3 kwa kibanda cha kijijini. Mwanzoni asiye na fedha aliweza kulipa kwa mazao au kwa nguvu zake, ila baadaye boma likakaza: ni fedha taslimu. Rupia haikuota shambani. Ilibidi mtu auze mazao kwa mwenye duka, abebe mizigo ya wageni, au aende kukata mkonge. Serikali iliitoa rupia kama mshahara wa askari na kibarua, kisha ikaidai irudi kama kodi. Hata asiyekuwa na haja nayo sokoni aliitafuta, kwa kuwa boma halikupokea kitu kingine. Mzigo huo, pamoja na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, ulichochea hasira zilizolipuka katika vilima vya Matumbi Julai 1905, na vita vya Maji Maji vikaanza.

Vita Kuu ya Kwanza ikaonyesha upande wa pili wa fedha hizo. Manowari za Uingereza zilifunga pwani, na sarafu kutoka Ulaya zikawa adimu. Serikali ya koloni ikachapa noti zake yenyewe Dar es Salaam. Kufikia 1917, ikiwa mafichoni kusini, ilikuwa ikigonga noti kwa mihuri ya mpira. Karakana ya reli ya Tabora nayo ilifua heller za shaba mwaka 1916, na hata sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Dhahabu ilikuwa chache, karatasi zilikuwa tele. Wajerumani waliposhindwa, aliyezifungia noti hizo sandukuni alibaki na ahadi ya serikali isiyokuwapo tena.

Mwingereza aliendelea kutoza kodi ya nyumba na ya kichwa, ila kuhusu fedha alikuja na utaratibu mwingine. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919, ilileta shilingi mwaka 1921. Thamani yake ilifungwa kwenye pauni, shilingi 20 kwa moja, na kwa miaka mingi bodi ilitoa shilingi kwa kuweka akiba ya pauni London. Gavana aliyepungukiwa hakuweza kujichapia fedha, alilazimika kutoza zaidi au kutumia kidogo.

Kamba hiyo ilikatwa tarehe 14 Juni 1966, Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa. Sasa serikali ilikuwa na mahali pa kukopa nyumbani kwake. Baada ya vita na Idi Amin vya 1978 na 1979, mafuta yakiwa ghali na mashirika ya umma yakila hasara, ilikopa sana. Fedha ziliongezeka, bidhaa zikaadimika, na katikati ya miaka ya 1980 bei zilikuwa zikipanda kwa zaidi ya asilimia 30 kwa mwaka. Hiyo nayo ilikuwa kodi. Haikuhitaji mgambo wala stakabadhi, maana iliingia hadi chini ya godoro na kuipunguza akiba ya bibi kizee aliyeuza kahawa yake.

Sheria ya 1995 iliipa Benki Kuu kazi ya kwanza ya kulinda bei. Mamlaka ya Mapato ilianza kazi Julai 1996, kodi ya ongezeko la thamani ikafuata 1998. Kodi ya maendeleo, mjukuu wa kodi ya kichwa, ilifutwa 2003, na wanaume wakaacha kukimbilia vichakani wakisikia mgambo wanakuja.

Kodi ile nyingine, ya bei kupanda, imeacha alama yake. Mwaka 1966 noti ya shilingi 100 ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote nchini. Leo shilingi 100 ni sarafu, na kondakta wa daladala akikosa kukurudishia, wengi hushuka tu bila kugeuka nyuma.