Mchangiaji wa programu huria

Mchangiaji wa programu huria (wingi: wachangiaji wa programu huria) ni mtu anayetoa kazi yake katika kujenga, kusahihisha, kufafanua au kutafsiri programu ya kompyuta ambayo msimbo wake uko wazi, na ambayo leseni yake humruhusu kila mtu kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuisambaza. Si lazima awe ameajiriwa na wenye programu, wala si lazima awe mwanaprogramu.

Huria na bure

Neno huria lina asili ya Kiarabu. Wasemaji wengi walilizoea katika soko huria na katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kabla ya kulikuta katika mambo ya kompyuta. Kiswahili kina bahati hapa. Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kilicho huru, na Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, amelazimika kueleza tofauti hiyo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1998 ilibuniwa istilahi nyingine, ile ya chanzo wazi, kwa sehemu ili kuukwepa utata huo. Katika Kiswahili, asemaye programu ya bure anazungumzia bei. Asemaye programu huria anazungumzia haki.

Kuyachanganya maneno haya si kosa la mtindo tu. Programu nyingi za simu ni za bure lakini si huria, kwa kuwa mtumiaji hana ruhusa ya kuona zilivyoundwa. Vilevile, mradi ambao msimbo wake unaonekana lakini hauna leseni si huria: hakimiliki imebaki kwa mwenyewe, na anayeunakili hana kinga. Kwa hiyo leseni husomwa kabla ya kuandika mstari wowote.

Kuchanga na kuchangia

Watu huchanga fedha, na huchangia harusi, msiba au ujenzi wa darasa. Mnyambuliko wa kutendea ndio unaofaa hapa, kwa kuwa kazi inaelekezwa kwenye jambo la wote. Hata daftari la michango lipo: Git, iliyoundwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, huhifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelileta, tarehe na maelezo yake. Tofauti ni kwamba katika kamati ya harusi ahadi nayo huandikwa na kuhesabiwa. Katika programu huria ahadi haina uzito, na wakati mwingine ina madhara: mgeni anayetangaza kuwa atashughulikia hitilafu fulani, kisha akatoweka, huwafanya wengine waiache wakidhani imeshikwa.

Namna ya kuanza

Mahali pazuri pa kuanzia ni programu ambayo mtu huitumia kila siku, maana kasoro zake anazijua tayari. Miradi mingi huwa na faili liitwalo README linaloeleza programu ni nini, na jingine liitwalo CONTRIBUTING linaloeleza jinsi michango inavyopokelewa. Anayeyapuuza hujikuta akirudishwa kwa jambo dogo lililokwisha kuandikwa.

Mchango wa kwanza hauhitaji kuwa msimbo. Taarifa nzuri ya hitilafu, inayotaja toleo la programu, hatua zilizofuatwa, kilichotarajiwa na kilichotokea, humwokolea mrekebishaji saa nyingi. Taarifa isemayo tu kwamba programu haifanyi kazi haimsaidii mtu.

Anayetaka kubadilisha kitu huchukua nakala ya mradi, hufungua tawi lake, hufanya badiliko moja lenye lengo moja, kisha hutuma ombi la kuliunganisha. Badiliko hilo huitwa pia kiraka, neno la fundi cherehani, nalo linafaa kwa sababu kiraka kizuri hakizidi tundu. Mgeni anayeleta sahihisho la mistari mitatu pamoja na mpangilio mpya wa faili zima ameleta kazi isiyokaguliki. Si kila mradi hufuata njia ileile. Viraka vya Linux bado hutumwa kwa barua pepe.

Baada ya kutuma huja kusubiri. Wasimamizi wengi hujitolea, na kimya cha siku kadhaa si dharau. Wakiomba marekebisho, wanaukagua msimbo, hawampimi aliyeuandika.

Mlango wa lugha

Kwa msemaji wa Kiswahili kuna kazi ambayo wasimamizi wengi hawawezi kuifanya wenyewe. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 toleo la Kiswahili la OpenOffice, lililoitwa Jambo OpenOffice. Kazi ya namna hiyo hurudiwa kila programu inapobadilika, kwani kila kitufe kipya huja bila jina la Kiswahili.

Mtafsiri mgeni hutangulia kusoma istilahi zilizokwisha kutumika. Ikiwa programu imechagua nenosiri, haifai dirisha moja liseme nywila, hata kama mtafsiri analipenda zaidi neno hilo. Hoja ya kubadilisha istilahi huletwa kwa wenzake, kisha hubadilishwa kote au hubaki kote.

Ugumu mkubwa uko kwenye upatanisho wa kisarufi. Mfumo wa gettext, unaotumiwa na programu nyingi huria, huwezesha tafsiri kubadilika kufuatana na idadi: faili 1 limefutwa, mafaili 5 yamefutwa. Lakini hauzijui ngeli. Mwandishi wa programu aliyezoea Kiingereza huweza kutoa neno moja lenye maana ya kufutwa na kulibandika nyuma ya jina lolote. Katika Kiswahili faili limefutwa, picha imefutwa, ujumbe umefutwa na kitabu kimefutwa. Hakuna neno moja litakalozitosha zote, na mtafsiri akichagua imefutwa, mtumiaji atasoma ujumbe imefutwa kila siku na kudhani kosa ni la mtafsiri.

Hapa dawa haimo katika tafsiri. Kinachotakiwa ni taarifa ya hitilafu inayoonyesha mifano hiyo minne na kumwomba msimamizi aandike sentensi kamili kwa kila aina ya kitu badala ya kuunganisha vipande. Pale ambapo neno moja la Kiingereza lina maana mbili, kama lile linaloweza kuwa fungua au wazi, huombwa maelezo ya muktadha yaambatanishwe nalo, jambo ambalo gettext inaliruhusu. Taarifa kama hiyo huweza kuandikwa na mtu asiyejua msimbo hata kidogo, na msimamizi akiikubali, watafsiri wa Kizulu na wa Kiganda, ambazo nazo ni lugha za ngeli, huikuta njia imesafishwa.