Daraja la Kwanza

Msinicheke, wasomaji. Hela yangu ya kwanza ya maana niliitumia kulala. Nilikuwa nimetafsiri kijitabu cha mashine ya kukamua alizeti, kurasa 64, wiki tatu bila usingizi wa kueleweka, macho mekundu kama ya mlevi, na siku nilipolipwa sikununua simu wala viatu. Nilishuka bandarini Mwanza, nikapanga foleni, na zamu yangu ilipofika nikasema kwa sauti ambayo nilitaka hata wa nyuma waisikie: "Bukoba. Daraja la kwanza." Bei sitaitaja. Shangazi yangu analisoma jarida hili.

Meli yenyewe ni MV Victoria, ile ile iliyoingia ziwani mwaka 1961, ikachoka, ikalazwa, ikafanyiwa matengenezo makubwa na kurudi kazini mwaka 2020. Kabini yangu ilikuwa ndogo kuliko jiko la nyumbani kwetu: kitanda, shuka jeupe, dirisha, taa, na mlango unaofungwa kwa ndani. Nikafunga. Nikafungua, nikafunga tena. Basi nikajilaza na viatu vyangu, bwana mkubwa, nikasubiri raha ije.

Haikuja. Kilichokuja ni sauti. Chini kule daraja la tatu mtoto alikuwa analia, mtu anacheka kicheko kirefu, redio inaimba, mama mmoja anamgombeza mwenziwe kwa kuwekewa kapu miguuni. Mimi juu, kimya, nanusa rangi mpya. Nikajiuliza swali ambalo sijaacha kulichimba mpaka leo: hivi nimenunua nini hasa? Usingizi wenyewe hata mkekani ungekuja.

Nilianzia mbali, kwenye meli za wakubwa. Mtu aliyetufundisha kupanda meli bila kuwa na pa kwenda alikuwa Mjerumani wa Hamburg, Albert Ballin. Kampuni yake ilisafirisha watu kwenda Amerika, na wakati wa baridi kali abiria walipungua, meli nzuri zikakaa zinakula gharama. Januari 1891 Ballin akaipakia meli yake Augusta Victoria matajiri 241, akawapeleka joto: Alexandria, Jaffa, Istanbul, kisha akawarudisha pale pale walipotoka. Safari ya kwenda kuzunguka na kurudi! Nusu ya mji ilimwona amerukwa na akili, lakini wateja walimwelewa, na mwaka 1900 akazindua meli iliyojengwa kwa starehe tu, Prinzessin Victoria Luise, kabini 120, zote za daraja la kwanza, hakuna la pili wala la tatu. Ilipasuka kwenye miamba ya Jamaika Desemba 1906. Abiria waliokoka wote. Nahodha akaenda kabinini kwake akajipiga risasi.

Sasa hapa ndipo penye mchezo. Ballin mwenyewe alikua katika biashara ya baba yake ya kuwatafutia wahamaji maskini nafasi melini, na fedha iliyoilisha kampuni ilitoka kwa hao hao, maelfu kwa maelfu, Wapolandi, Warusi, Wayahudi waliokimbia mateso, waliolala chini karibu na injini. Piano ya juu ilinunuliwa na jasho la chini. Wa juu alikuwa na mlango asiyaone hayo. Nikakumbuka jinsi nilivyofunga mlango wangu mara mbili.

Titanic mnaijua. Sisi mtaani tuliitazama ile filamu ya 1997 kwenye banda la video, imewekewa maneno ya Kiswahili na jamaa mwenye sauti ya kukwaruza, na wote tulilia kwa ajili ya yule kijana wa daraja la tatu. Lakini filamu haikuniambia hesabu. Mama mmoja tajiri wa Philadelphia, Charlotte Cardeza, alikuwa na chumba cha fahari chenye sebule na kipande chake mwenyewe cha sitaha cha kutembelea, kimezungushiwa ukuta asionwe na mtu. Nauli ikapita pauni 500. Chini yake tiketi ya daraja la tatu ilikuwa kama pauni saba na kitu, na watu zaidi ya 700 waligawana mabafu mawili. Usiku ule wa Aprili 1912 walikufa watu kama 1,500. Wa daraja la kwanza waliokoka karibu sita katika kila kumi. Wa la tatu, mmoja katika kila wanne. Mama Cardeza aliokoka, akaja kudai fidia ya masanduku yake 14, madai ya zaidi ya dola 177,000.

Vizuizi kati ya madaraja, wasomaji, havikuwekwa kwa ubaya wa moyo wa mtu mmoja. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ilitaka wahamaji watengwe na abiria wengine, kwa hofu ya magonjwa. Kila kitu kilikuwa kwa utaratibu. Na kuna jambo dogo ambalo limenikaa kichwani kuliko barafu yenyewe. Abiria wa daraja la kwanza waligawiwa kijitabu kilichochapwa vizuri, ndani yake majina yao, wajue wanasafiri na nani. Wa daraja la tatu majina yao yaliandikwa pia, lakini kwa ajili ya maofisa wa uhamiaji. Hakuna aliyepewa akae nalo kama kumbukumbu.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilianza kujichukia, nikajiona msaliti wa watu wa mkekani. Ndipo nikakutana na kijana mwingine aliyetaka daraja la kwanza, akanitoa aibu kidogo.

Mwaka 1893 Mohandas Gandhi, miaka 23, wakili ambaye kesi zilimkimbia, alitoka Bombay kwenda Natal kufanya kazi. Aliahidiwa tiketi ya daraja la kwanza. Alipofika akaambiwa nafasi zimejaa, labda akalale sitahani. Akakataa. Akapanda melini mwenyewe, akamtafuta ofisa mkuu, akamwomba bila haya, na yule bwana akampa kitanda cha ziada ndani ya kabini yake. Meli ikapita pwani yetu: Lamu, ambako nusura imwache kwa sababu mkondo wa maji ulikuwa mkali, kisha Mombasa, kisha Unguja. Njiani kapteni alimfundisha sataranji. Basi kijana huyu anateremka Afrika Kusini akiwa na imani kwamba tiketi ni tiketi. Juni mwaka huo huo, Pietermaritzburg, usiku wa baridi, akatupwa nje ya behewa la daraja la kwanza, na tiketi anayo.

Kumbe wapo wanaonunua mlango ili wawafungie wengine nje, na wapo wanaoununua kwa sababu maisha yao yote wamekuwa nje. Pwani yetu iliwajua hao wa pili vizuri. Kwa miaka mingi meli za Waingereza zilizokwenda kati ya Bombay, Mombasa na Dar es Salaam zilikuwa na abiria wa sitahani, kila familia na mkeka wake na masufuria yake, na babu wa duka zima la Mtaa wa Rufiji huenda alifika hivyo. Mtu wa namna hiyo akija kupata vijisenti, mwacheni alale kwenye shuka jeupe walau mara moja. Simwiti bishoo.

Ndege ndizo zilizoyamaliza mambo ya zamani. Oktoba 1958 ndege za jeti zilianza kuvuka Atlantiki na abiria, saa chache badala ya siku tano, na ndani ya miaka kumi majumba yale ya kuelea yakawa vyuma chakavu. Kabla ya hapo kulikuwa na meli kama Normandie ya Wafaransa, ya mwaka 1935, yenye vyumba vya fahari viwili vilivyopewa majina kama watoto wa mfalme, Deauville na Trouville, kila kimoja na vyumba kadhaa vya kulala, chumba cha kulia, piano na sitaha yake. Iliungua New York mwaka 1942 wakati mafundi wanaigeuza iwe ya kubeba askari.

Meli zilizobaki zikatafutiwa kazi, na kazi ikawa ile ile ya Ballin: kuzunguka na kurudi. Safari hii wauzaji walikuja na maneno matamu. Hakuna madaraja tena! Wote mtakula pamoja, mtaogelea pamoja, mtacheza muziki pamoja. Machi 1972 Ted Arison alituma meli yake ya kwanza, Mardi Gras, kutoka Miami, imejaa mawakala wa safari waliokuja kupewa sifa wakazisambaze, ikakwama kwenye mchanga hapo hapo karibu na bandari, watu wakawa wanakunywa huku wakitazamwa kutoka ufukweni. Ilikwamuka. Kampuni ile, Carnival, ikawa kubwa kuliko zote duniani.

Na madaraja? Yalirudi, yamevaa nguo nyingine. Leo meli kubwa za matembezi zina kile wanachokiita meli ndani ya meli: sehemu ya juu yenye bwawa lake, mkahawa wake, lifti inayokubali kadi za wachache. Mwaka 2016 meli moja ya kifahari ilianza na chumba cha dola 10,000 kwa usiku mmoja, piano imo. Mwaka 2024 ikaja Icon of the Seas yenye nyumba ya ghorofa tatu ndani yake, na watoto wakitaka kushuka wanateleza kwenye bembea la mteremko badala ya ngazi. Wanaotandika vitanda hivyo wengi wanatoka Ufilipino, Indonesia, India, miezi na miezi mbali na watoto wao, wamelala chini ya mstari wa maji. Ballin akifufuka hatapotea njia.

Nimezunguka bahari zote hizo kwa sababu nilikuwa naogopa kurudi ziwani. Sasa turudi.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu kabisa na Mwanza, ikitoka Bukoba na Kemondo. Ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Waliokufa ni zaidi ya 800. Waokoaji walitoboa tundu kwenye tumbo la meli iliyokuwa bado inaelea, wawatoe waliokuwa wanagonga kutoka ndani. Hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, ikazama. Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo, na wengi wakazikwa Igoma. Orodha ya abiria ilionyesha watu 443 wa kabini, daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha.

Isomeni tena sentensi hiyo ya mwisho.

Mimi nilikuwa sijazaliwa. Lakini jirani ya shangazi yangu alikuwa na mwana aliyepandia Kemondo na mikungu ya ndizi, daraja la tatu, na mpaka yule mama anafariki hakuwahi kuonyeshwa karatasi yenye jina la mwanawe. Maiti hakuipata. Tanga liliwekwa, watu wakalia, lakini mama alikuwa akiuliza kila mwaka: je, kama hakupanda? Hakuna aliyeweza kumwambia amepanda. Tangu hapo shangazi ana sheria moja kwa kila mwenye damu yake anayekanyaga meli: uza kuku, kopa, fanya unavyojua, panda daraja ambalo jina linaandikwa. Eti wengine wanadhani anajisikia. Na msiseme hayo ni ya zamani. Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara, uwezo wake watu 101, waliokufa zaidi ya 220, na hesabu ya waliomo ilijulikana kwa kuhesabu maiti.

Nilitoka kabinini saa saba usiku. Niliteremka ngazi, nikakaa daraja la tatu karibu na wale wenye redio, wakanipa karanga, na hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Kijana mmoja aliyelala juu ya magunia nilimwomba tiketi yake niione tu. Jina lake lilikuwepo. Na la dada yake. Nikaona vyema, nikala karanga zao nyingi kuliko adabu inavyoruhusu. Nilipopanda tena juu nililala bila kubonyeza kitasa.

Alfajiri Bukoba ilikuwa na ukungu. Shangazi alikuwa amesimama nje ya lango la gati, kanga mabegani, kama mtu aliyekuwepo tangu usiku.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Waliandika?"

Nikampa tiketi. Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akalisoma jina langu herufi moja moja huku midomo inacheza.

"Wamekosea hapa," akasema.

Akatoa kalamu kwenye pochi, akaiweka tiketi juu ya begi langu, akairekebisha ile herufi taratibu, akaikunja na kuitia kifuani. Ndipo tukaenda kutafuta bodaboda.