Vyanzo vya utafiti wa jiografia ya Rufiji

Vyanzo vya utafiti wa jiografia ya Rufiji ni vitabu, ripoti, ramani, takwimu na picha zinazohusu bonde la chini na delta ya mto Rufiji katika mkoa wa Pwani, Tanzania. Kiutawala eneo hilo limegawanyika katika wilaya mbili: Rufiji, yenye makao makuu Utete, na Kibiti, ambamo imo sehemu kubwa ya delta. Sehemu kubwa ya vyanzo hivyo haipatikani Utete wala Kibiti. Imehifadhiwa Dar es Salaam, hasa katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nyingine iko nje ya nchi.

Beseni la Rufiji lina eneo la kilomita za mraba 177,000 hivi, karibu moja ya tano ya Tanzania bara. Delta yake ina msitu wa mikoko wa takriban hekta 53,000, mkubwa kuliko yote ya Afrika ya Mashariki, na tangu mwaka 2004 ni sehemu ya eneo oevu la Rufiji-Mafia-Kilwa lililoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Umuhimu wa kumbukumbu za zamani

Kwa vizazi vingi wakulima wa Rufiji walifuata mwendo wa mafuriko. Maji yalipanda wakati wa masika, yakaacha matope yenye rutuba, na yaliposhuka watu walipanda mahindi na mazao mengine katika udongo uliobaki na unyevu. Kilimo hicho huitwa mlau. Mpunga ulipandwa kabla, kwa mvua, ukasubiri mafuriko. Mafuriko yakija mapema au kwa nguvu kupita kiasi mpunga huzama, lakini mlau wa mwaka huo huweza kuwa mzuri. Mwanafunzi asiyeelewa jambo hili atasoma kila ripoti ya mafuriko ya Rufiji kama habari ya maafa tu.

Mnamo Desemba 2022 ujazaji wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza pale Stiegler's Gorge. Kituo chake cha umeme kimejengwa kuzalisha megawati 2,115. Tangu hapo mto unaopita Utete hauendi tena kwa kufuata mvua peke yake. Kwa hiyo maandishi yaliyotangulia bwawa ndiyo yaliyobaki kuonyesha mto ulivyokuwa, na hayawezi kukusanywa upya. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoharibu mashamba na makazi katika wilaya zote mbili, mjadala ulizuka juu ya kiasi gani kilitokana na mvua na kiasi gani na maji yaliyofunguliwa bwawani. Swali la namna hiyo halijibiwi bila vipimo vya miaka ya nyuma.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Chuo kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo cha sheria, kikawa chuo kikuu kamili cha taifa mwaka 1970. Jengo jipya la maktaba lilifunguliwa na Rais John Magufuli tarehe 27 Novemba 2018. Lilijengwa kwa msaada wa China, na lilitangazwa kuwa na uwezo wa kuhifadhi vitabu 800,000 na kuhudumia wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja.

Kwa mtafiti wa Rufiji, ukubwa wa jengo si hoja kama ilivyo sehemu moja ya maktaba hiyo, yaani mkusanyo wa Afrika ya Mashariki. Humo huwekwa tasnifu za wanafunzi, machapisho ya serikali na vitabu vilivyoletwa kwa mujibu wa sheria inayowataka wachapishaji kupeleka nakala. Vitu vya mkusanyo huo havikopeshwi, husomewa humo humo. Msomaji aende na daftari, na ajue jina la mwandishi au mwaka kabla ya kumwendea mkutubi.

Chanzo kikubwa kuliko vyote humo ni machapisho ya BRALUP, taasisi ya tathmini ya rasilimali na mipango ya matumizi ya ardhi iliyoanzishwa chuoni mwaka 1967. Mwaka 1983 ikawa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali, lakini ripoti za zamani hutafutwa kwa jina la kwanza. Mwaka 1974 Audun Sandberg alichapisha uchunguzi wa hali ya jamii na uchumi katika bonde la chini. Miaka michache baadaye Han Bantje aliandika juu ya kilimo cha Rufiji, mvua na mafuriko, kisha juu ya uhusiano wa mafuriko na njaa. Kazi hizi zina thamani ya pekee kwa sababu zilifanywa baada ya Operesheni Rufiji, ambayo kufuatia mafuriko ya 1968 iliwahamisha watu kutoka bondeni hadi vijiji vya nyanda za juu. Mashamba yalibaki bondeni na nyumba zikawa mlimani. Ripoti hizo zinaonyesha gharama ya umbali huo: nani alilinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege, nani alilala kwenye dungu, na watoto wakabaki wapi. Kjell Havnevik aliyarudia mambo hayo katika kitabu chake cha 1993 kuhusu mipaka ya maendeleo yanayoagizwa kutoka juu.

Ripoti za mipango ya bonde

Mwaka 1929 Alexander Telford alitoa ripoti kwa serikali ya kikoloni juu ya kuendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero. Mwaka 1961 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa ripoti ya majuzuu saba kuhusu beseni lote, ikiwa na habari za maji, udongo na umwagiliaji. Mamlaka ya RUBADA, iliyoundwa mwaka 1975 na kuvunjwa baadaye, iliendeleza masomo ya bwawa. Zote zisomwe kwa kukumbuka kwamba waandishi walitumwa kutafuta mahali pa kujenga au kumwagilia, na mkulima wa mlau huonekana ndani yake kwa nadra. Makala ya H. Marsland juu ya mlau, iliyotoka mwaka 1938 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, ni fupi lakini inamwona mkulima huyo.

Mradi wa usimamizi wa mazingira wa Rufiji, ulioendeshwa na IUCN pamoja na halmashauri ya wilaya kuanzia 1998, uliacha ripoti nyingi za kiufundi kuhusu misitu, maziwa ya bondeni, uvuvi na vijiji. Kwa mikoko, mahali pa kuanzia ni mpango wa usimamizi wa mwaka 1991 uliosimamiwa na Adelaida Semesi.

Nyaraka, ramani na takwimu

Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya Kijerumani na ya Kiingereza, pamoja na kitabu cha wilaya ya Rufiji kilichoandikwa na maofisa wa kikoloni. Majalada ya Kijerumani mengi yameandikwa kwa hati ya mkono ya zamani isiyosomeka hata na Wajerumani wengi wa leo. Majina nayo hubadilika: Mohoro, uliokuwa kituo cha utawala, huandikwa Mohorro, na mto wenyewe Rufidji.

Ramani za topografia za skeli ya 1:50,000 hupatikana katika idara ya serikali ya upimaji na ramani. Zitumike kwa tahadhari, maana mikondo ya delta huhama na kijiji kilichochorwa ukingoni huenda sasa kiko mbali na maji. Mabadiliko hayo hufuatiliwa kwa picha za satelaiti za Landsat, zilizoanza mwaka 1972 na kutolewa bure tangu 2008, na za Sentinel-2, zilizoanza 2015.

Katika takwimu za sensa kuna mtego. Wilaya ya Rufiji ilihesabiwa watu 203,102 mwaka 2002 na 217,274 mwaka 2012, lakini wakati huo Kibiti ilikuwa bado ndani yake. Anayelinganisha na sensa ya 2022 bila kujumlisha wilaya mbili atapata kwamba watu wamepungua, jambo ambalo si kweli. Vipimo vya maji huombwa kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, Iringa, na vya mvua kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Kufika uwandani

Mtafiti kutoka nje ya nchi huhitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Mwanafunzi wa chuo cha Tanzania huenda na barua ya chuo chake, ambayo hupitia ofisi ya mkoa, kisha wilaya iliyoko Utete au Kibiti, na mwisho kwa mtendaji wa kijiji. Katika delta safari nyingi ni za mashua na ngalawa. Ratiba ya mahojiano hupangwa kwa kufuata bamvua na maji mafu, kwa kuwa maji yakikauka mikondo midogo haipitiki hadi yajae tena.