Mama lishe

Mama lishe ni mwanamke anayepika na kuuza chakula kando ya barabara, sokoni au penye ujenzi katika miji ya Tanzania. Mwanamume huitwa baba lishe. Wali maharage, ugali na chapati ndizo nguzo za biashara hiyo.

Mpishi hutakiwa kupimwa afya, na halmashauri hupanga maeneo ya biashara.

Desemba 2018 Rais John Magufuli alianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, wakiwemo mama lishe, kwa Sh20,000, vilivyowapunguzia ushuru wa kila siku na, jambo kubwa zaidi, hofu ya kufukuzwa na mgambo. Mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, wengi wao waliondolewa barabarani na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Tatizo zito la maeneo hayo ni umbali: fundi na kuli hula karibu na kazi yao, hivyo banda safi lililo mbali na hapo au na kituo cha daladala hukosa wateja.