Kuufuata Mkondo wa Trauti: Kutoka Gura hadi Ziwa Ellis

Mto Gura hauna subira. Unaanzia juu kabisa, kwenye nyanda za nyasi na ukungu za milima ya Nyandarua, unajirusha bondeni, kisha unakwenda mbio katikati ya mashamba ya chai ya Nyeri, na wenyeji wanauhesabu miongoni mwa mito yenye kasi kuliko yote nchini Kenya. Ndani ya maji hayo baridi, mwaka 1905, mlowezi Mwingereza aitwaye Ewart Grogan alitia samaki ambaye hakuwahi kuishi katika milima hii. Alikuwa trauti wa kahawia, mzawa wa Loch Leven, ziwa la Uskoti. Huo ndio mwanzo wa uvuvi wa chambo cha manyoya katika Afrika Mashariki.

Nimeifuata njia ya samaki huyo kutoka Gura hadi Mlima Kenya kwa sababu moja. Habari zake zimeandikwa mara nyingi, na karibu kila mara zimekuwa habari za mabwana waliokuja kustarehe, huku milima na watu wake wakitajwa kama uwanja wa starehe hiyo tu. Nami naupenda uvuvi huu. Naupenda kiasi cha kutaka historia yake isimuliwe pamoja na mikono yote iliyoubeba.

Fikiria kwanza safari ya mayai. Samaki mzima asingefika, kwa hiyo waliosafiri walikuwa mayai yaliyokwisha kurutubishwa. Ufundi wake ulikuwa umejulikana tangu 1864, meli iitwayo Norfolk ilipofikisha mayai ya trauti Australia kutoka Uingereza na kuyawezesha kuanguliwa Tasmania. Mayai hupangwa ndani ya masanduku, yakafunikwa kwa kuvumwani mbichi, na barafu ikayapoza ili yasianguliwe kabla ya wakati. Yakipata joto yanaoza, na yakikauka yanakufa. Meli iliyofika Mombasa wakati huo ilikuta reli tayari, kwa maana treni ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Victoria mwishoni mwa 1901. Lakini kutoka relini kwenda juu milimani hapakuwa na barabara ya gari. Mzigo uliopanda Nyandarua siku hizo ulipanda kichwani mwa mpagazi, katika matope, mianzi na baridi ya alfajiri inayouma vidole. Aliyetembea na sanduku la mayai bila kuyumba alifanya kazi ya ustadi mkubwa, na trauti wote wa Gura ni deni kwake.

Grogan mwenyewe alikuwa mtu wa mambo makubwa, mema na mabaya. Alipata sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliyoimaliza mwaka 1900. Alifika Kenya akajilimbikizia ardhi na misitu. Miaka miwili baada ya kuleta trauti, Machi 1907, aliwachapa viboko hadharani Waafrika watatu mbele ya mahakama ya Nairobi, mchana, umati wa walowezi ukitazama, na kwa hilo akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Siwezi kusimama kwenye kingo za Gura nikamshukuru kwa samaki nikaliacha hilo. Mtu aliyeyapenda maji haya kiasi cha kuyatafutia samaki ng'ambo ya bahari ndiye aliyewafanyia hivyo watu wa nchi yenye maji hayo.

Kuingia Nyandarua leo, njia ya kutoka Nyeri hupita kwenye chai, halafu msitu mkubwa, halafu ukanda wa mianzi unaofunga macho, na ghafla anga inafunguka. Uko juu ya mita 3,000. Nyasi zimesimama kwa mafungu, mito ni myembamba, na maji yana rangi ya chai hafifu kwa sababu ya udongo wa mboji yanakotoka. Hapa ni hifadhi ya taifa tangu 1950, na mvuvi huenda na leseni yake pamoja na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, maana tembo na nyati wanakunywa kwenye mito ileile. Karibu na hapo maporomoko ya Karuru yanashuka mita 273 kwa ngazi tatu, na ng'ambo ya korongo Gura nayo inaanguka. Maji haya hatimaye huingia mto Tana, yakapita Garissa na Garsen hadi Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Mtu wa pwani anayechota Tana anachota na Nyandarua.

Sasa uvuvi wenyewe. Asiyeujua hudhani ni kutupa ndoana na kungoja, kama tunavyofanya baharini au ziwani. Kungoja hakumo. Chambo ni ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi hadi ikafanana na mdudu wa majini, na haina uzito hata wa punje ya mtama. Haiwezi kutupwa. Kinachotupwa ni mshipi, ambao umetengenezwa mnene na mzito kwa makusudi. Ufito unaurudisha mshipi nyuma, unaungoja unyooke hewani, kisha unausukuma mbele, na chambo kinafuata kwa kuburutwa hadi kitue juu ya maji. Ukiharakisha kabla mshipi haujanyooka nyuma, unajikunja na kuanguka wote kwa kishindo, na samaki anakimbia. Mkono unajifunza kusubiri ndani ya mwendo.

Halafu kuna kuusoma mto. Trauti hukaa uso ukielekea mkondo unakotoka, nyuma ya jiwe au chini ya ukingo uliomegwa, mahali anapopata utulivu huku chakula kikimpitia karibu. Kwa hiyo mvuvi hupanda mto akitokea nyuma yake, ameinama, bila kivuli chake kutangulia. Anaangalia wadudu wanaoruka, anageuza jiwe kuona lava walioshikamana chini yake, ndipo anachagua chambo. Kimoja huelea juu, kingine huzama. Katika mito ya Kenya trauti wakubwa hula kaa wa maji baridi pia. Mtu anayeuvua mto kwa namna hii saa tatu anaujua kuliko aliyeukalia ukingoni mwaka mzima. Hiyo ndiyo raha yake hasa, kubwa kuliko samaki.

Kwao Uskoti raha hii ina majira. Msimu wa trauti wa kahawia hufunguliwa Machi 15 na kufungwa Oktoba 6, na wavuvi huusubiri Juni, jioni zinaponyooka na giza likakawia hadi karibu usiku wa manane. Hapa kwetu, kwenye ikweta, jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Kinachompa trauti baridi yake ni urefu wa mlima. Maji yakipita nyuzi 20 za selisiasi huanza kumdhoofisha, na kadiri mto unavyoshuka kuelekea joto ndivyo trauti wanavyopungua hadi kwisha. Majira yetu ni ya mvua. Masika mito huwa tope tupu, na vuli hivyohivyo. Januari na Februari, tena Julai hadi Septemba, maji hutakata, mawe ya chini yakaonekana, na hicho ndicho kiangazi cha mvuvi wa milima hii.

Kutoka Gura trauti walienea. Mwaka 1910 wakaletwa trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini, na mito ya Mlima Kenya ikajazwa: Thego, Ragati, Naro Moru, Burguret, Sirimon. Nyeri ukawa mji wa wavuvi wa Kizungu. Hoteli ya Outspan ilifunguliwa 1928 juu ya bonde la mto Chania. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, ambaye alikuwa mvuvi hodari wa chambo cha manyoya, alihamia hapo uzeeni, akafariki Januari 1941, na kaburi lake liko Nyeri. Koloni likamzawadia Elizabeth binti mfalme, kwa harusi yake, nyumba kando ya mto Sagana, na ndipo alipopewa habari Februari 6, 1952 kwamba baba yake amefariki na yeye ni malkia. Leo nyumba hiyo ni ikulu ndogo ya Sagana.

Wakikuyu waliokuwa wenyeji wa mito hii hawakuwa na mila ya kula samaki, na walowezi waliona hilo kama ruhusa. Lakini kutokula samaki si kutokuwa na mto. Mito ilikuwa mipaka ya koo, mahali pa kunyweshea mifugo, mahali pa ibada na tohara. Ghafla ilikuwa na leseni na wasimamizi, na mwenyeji aliyekutwa ukingoni na ndoana alihesabiwa mwizi.

Oktoba 1952, miezi minane tu baada ya siku ile ya Sagana, ilitangazwa Hali ya Hatari. Nyandarua na Mlima Kenya vikawa ngome ya Mau Mau, wapiganaji wa uhuru, na misitu ikapigwa marufuku kwa raia. Ndege za Lincoln ziliangusha mabomu juu ya mabonde yaleyale ya trauti. Wanavijiji walilazimishwa kuchimba handaki refu ukingoni mwa msitu ili kuwakatia wapiganaji chakula. Dedan Kimathi, kiongozi wao, alikamatwa karibu na Nyeri Oktoba 21, 1956, akanyongwa Februari 18, 1957. Nilipozungumza na mzee mmoja wa upande wa Tetu, niliyemwita Guka, yaani babu, kwa heshima ya umri wake, alinionyesha mkondo wa Gura kwa fimbo yake akasema, “Wewe unatafuta samaki humo. Sisi tulikuwa tunasikiliza kama mto umenyamaza, maana mto ukitibuliwa kule juu kuna watu wanavuka.” Tangu siku hiyo siwezi kuuvua mto huo bila kuusikiliza kwanza.

Kiganjo, kilomita chache kutoka Nyeri, ndipo historia hii inapogeuka. Kituo cha kutotoleshea trauti kilianzishwa 1948, na mwaka 1952 mtafiti V. D. van Someren akachapisha kitabu cha serikali juu ya maisha ya trauti nchini Kenya. Lakini kituo hakiendeshwi na kitabu. Kinaendeshwa na mtu anayeamka usiku kuangalia kama maji bado yanapita juu ya trei za mayai, anayeokota mayai yaliyokufa moja baada ya jingine kabla kuvu haijasambaa, na anayejua kwa kumtazama jike kwamba kesho atakuwa tayari kukamuliwa mayai. Kazi hiyo imefanywa na Wakenya kwa vizazi, na baada ya uhuru waliibeba wao wenyewe.

Na kuna mikono mingine ambayo wavuvi wengi wa Ulaya na Marekani wameitumia bila kuiwazia. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazofunga vyambo vya manyoya kwa ajili ya soko la dunia. Fundi, mara nyingi mwanamke, hukaa mbele ya jiliwa dogo lililobana ndoana ambayo pengine ni fupi kuliko ukucha wake. Anazungusha uzi, anabana unyoya wa shingo ya jogoo, anauzungusha hadi nywele zake zisimame kama miguu ya mdudu, anakata, anafunga fundo, anatia gundi, anachukua ndoana nyingine. Kila kimoja lazima kilingane na kilichotangulia, mbawa kwa mbawa. Juni ikifika, vyambo hivyo vinatua juu ya mito ya Uskoti na Montana. Ukiniuliza nani bingwa wa uvuvi huu, nitakuelekeza kwenye meza hizo.

Safari yangu ilimalizikia upande wa mashariki wa Mlima Kenya, kwenye njia ya Chogoria. Msitu wa huko una miti mikubwa yenye ndevu za kijivu, kisha mianzi, na ukipita lango la hifadhi unaingia nchi ya vichaka na nyasi. Ziwa Ellis liko kama mita 3,500 juu ya bahari, limezungukwa na vilima vilivyo wazi, na trauti wake walipandikizwa na watu, kama wale wa Ziwa Alice na Michaelson. Michaelson liko juu zaidi, chini ya ukuta wa mwamba katika Bonde la Gorges, na maji yake hutoka kama mto Nithi. Kuvua ziwani ni kazi tofauti na ya mtoni. Hakuna mkondo wa kumleta samaki kwako, naye huzunguka ukingoni akitafuta chakula, hivyo unatupa mshipi mbali, unaacha chambo kizame, na kukivuta polepole. Upepo wa adhuhuri ukianza, mshipi unakurudia usoni.

Vijana wanaobeba mizigo ya wapanda mlima kutoka Chogoria wanaujua uvuvi huu vizuri, na wengine wanauweza kuliko wageni wao. Mmoja aliniomba ufito. Alitupa mara chache, akaacha kutazama mkono wake, akaanza kutazama maji. Trauti wa upinde wa mvua alipokamata, hakumvuta kwa nguvu. Alimwachia mshipi akimbie, akamrudisha, akamwachia tena, hadi samaki akalala ubavu kwenye majani ya ukingoni. Tulimla jioni kwa ugali. Aliniuliza ufito kama ule unapatikana wapi na kwa bei gani, nami nikamwambia ukweli, kwamba ni ghali na mara nyingi huagizwa nje. Kuhusu vyambo nilikuwa na jibu bora zaidi. Nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi mtaa wa Nairobi wanakovifunga, na akaniambia dada yake anatafuta kazi.